Risasi mpya ya jeshi: wanabishania nini hasa?

Mgeni akifika Ngomeni, pale Fort Jesus, hukimbilia kupiga picha kuta za Wareno na bahari iliyo nyuma yake. Wachache husimama mbele ya mizinga miwili iliyobaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Wa pili ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha bandarini Unguja Septemba 1914. Mtutu wa mzinga wa Kijerumani una kipenyo cha milimita 105. Wa Kiingereza ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Ukisimama mbele yake kwa macho matupu huioni tofauti hiyo ya milimita tatu na kidogo. Lakini shehena nzima ya makombora ya mmoja isingemfaa mwenzake hata kwa mpigo mmoja.

Nilizikumbuka milimita hizo juzi, baada ya Magharibi, mabishano yalipozuka barazani kwetu Kibokoni. Kijana wa jirani alikuwa ametazama video za M7, bunduki mpya ya Wamarekani, na risasi yake ya 6.8×51. Akasema Kenya nayo iinunue risasi ile mpya, maana inatoboa kila kitu. Ami yangu, aliyebeba bunduki ya G3 jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu, hakumjibu. Alinyoosha mkono dukani, akaomba paketi ya unga wa ugali ya kilo mbili, akampa.

"Shika hii, mwanangu. Usiiweke chini mpaka kahawa iishe."

Nimeona nilieleze somo hilo la unga kwa urefu, kwa sababu mjadala wa risasi hutufikia ukiwa umekatwa vipande. Video inaonyesha bamba la chuma likitobolewa, na mtazamaji anaondoka akiamini kwamba swali lote ni kutoboa.

Kwanza tuelewane maneno

Neno "risasi" lenyewe linatatiza. Ni jina la ile madini laini na nzito, ni jina la kile kinachoruka na kupiga, na ni jina la kitu kizima kinachotiwa kwenye bunduki. Hapa nitakiita kitu kizima risasi, na kile kinachoruka nitakiita kichwa.

Kitu kizima kina sehemu nne. Kuna ganda, aghalabu la shaba ya njano. Ndani yake kuna baruti. Kitakoni mwa ganda kumepachikwa fataki ndogo, inayoshika moto ikigongwa na pini ya bunduki. Mdomoni kumebanwa kichwa. Baruti ikiwaka hugeuka gesi, gesi hutafuta pa kutokea, na njia iliyo wazi ni kukisukuma kichwa mbele. Wakati huohuo ganda hutanuka, likajibana kwenye ukuta wa chemba, yaani tundu la bunduki inamokaa risasi, na kuiziba gesi isirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Nukta hiyo ikipita, hunywea kidogo ili liweze kuvutwa nje na nafasi yake ichukuliwe na jingine. Kwa hiyo ganda si kikopo cha kubebea baruti tu, ni kiungo cha mashine. Hili tutalihitaji mbele.

Majina nayo yana mtego wake. Ukisikia 5.56×45, nambari ya kwanza ni kipenyo kwa milimita, kwa makadirio, na ya pili ni urefu wa ganda. Risasi ya AK-47 ni 7.62×39, na ya G3 ni 7.62×51. Watu husikia "saba sitini na mbili" wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Ni kama funguo mbili zenye upana mmoja na meno tofauti. Kituo chenye bunduki za G3 kikiletewa shehena ya risasi za AK, kimeletewa chuma cha kujaza ghala.

Bega na mgongo

Sasa tuingie kwenye hesabu, na si ngumu. Kichwa cha 5.56 ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kina uzito wa gramu 4 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 930 hivi kwa sekunde. Cha 7.62×51 kina gramu 9.5 na hutoka kwa mita 840 hivi. Cha AK kina gramu 8 na kasi yake ni mita 715 hivi. Ukikokotoa nishati utapata jouli 1,700 kwa ya kwanza, 3,300 kwa ya pili na 2,000 kwa ya tatu. Mtu akiishia hapo, jibu ni rahisi: chukua kubwa.

Lakini kinachosukuma kichwa mbele husukuma bunduki nyuma. Teke la bunduki huenda na uzito wa kichwa ukizidishwa kwa kasi yake, na kwa hesabu hiyo 7.62×51 hulisukuma bega zaidi ya mara mbili ya 5.56. Ami huweka kiganja chini kidogo ya mfupa wa bega la kulia anapolisimulia hili. Anasema baada ya siku nzima ya shabaha alikuwa akilala ubavu wa kushoto. Tena alikuwa askari mzoefu. Kuruta asiyezoea huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mwenye kufumba macho hana shabaha, hata awe na risasi ya nguvu gani. Ukiiweka bunduki hiyo kwenye mfyatuo wa mfululizo, risasi ya kwanza huenda ulikolenga na zinazofuata hupanda juu.

Halafu kuna mgongo. Risasi moja ya 5.56 ina uzito wa gramu 12 hivi, na ya 7.62×51 gramu 24 hivi. Mzigo wa kawaida wa askari wa Marekani mwenye 5.56 ni magazini saba za risasi 30, jumla 210. Hizo ni kilo 2.5 bila kuhesabu magazini zenyewe. Idadi hiyohiyo katika 7.62×51 inafika kilo 5. Tofauti yake inazidi ile paketi ya unga. Nayo inaongezwa juu ya maji, redio, kisibau cha kuzuia risasi, kofia ya chuma, chakula na dawa, katika jua letu hili, kwa mwendo wa siku nzima. Askari hawezi kubeba bila kikomo. Ukimwongezea upande mmoja, atapunguza upande mwingine, na akichoka hupunguza hata lile la lazima.

Hapa ndipo fundo la mjadala lilipo. Anayetaka nguvu zaidi analipa kwa uzito, kwa teke na kwa idadi ya risasi. Anayetaka wepesi analipa kwa umbali na kwa uwezo wa kupenya. Malipo hayo hayana msamaha. Wahandisi hujaribu kuyapunguza, hawawezi kuyafuta.

Moshi wa Tanga

Mabishano haya ni ya zamani, na yameipitia pwani yetu. Novemba 1914 Waingereza walipeleka kikosi kikubwa kutoka Uhindi kuiteka Tanga. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado wanatumia Mauser za muundo wa 1871, zenye kichwa kinene cha milimita 11 na baruti nyeusi. Kila mpigo ulitoa wingu la moshi mweupe, na wingu hilo lilimwonyesha adui alipo mpigaji. Waingereza na Wahindi walikuwa na bunduki za inchi .303, zenye baruti isiyo na moshi wa kuonekana. Kwa silaha, walikuwa mbele kwa kizazi kizima.

Walishindwa. Kikosi kilirudi melini na kuja kushushwa hapa Mombasa, kikiwa kimeacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zinazofikia nusu milioni. Jemadari wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alizichukua, zikatosha kuyapa makombania matatu silaha za kisasa. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1917, aliteka kambi ya Wareno huko Ngomano, karibu na mto Ruvuma, akawavisha askari wake bunduki za Kireno na risasi za Kireno. Meli za kwao zilimfikia kwa nadra sana kwa sababu bahari ilishikwa na Waingereza. Kwa mtu wa namna hiyo, risasi bora ni ile ambayo kesho itapatikana tena.

Somo hilo halikufundishwa Tanga peke yake. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, majaribio yalionyesha kwamba risasi ndogo ya inchi .276 ingemfaa askari wa miguu kuliko .30 iliyokuwa ikitumika. Ilikuwa nyepesi na teke lake lilikuwa pungufu. Mwaka 1932 mkuu wa jeshi, Jenerali Douglas MacArthur, aliikataa. Ghala zilikuwa zimejaa .30, rashasha zote zilitumia .30, na uchumi ulikuwa umeanguka. Wapenzi wa bunduki bado wanamlaumu kwa hilo. Mimi naona aliamua sawasawa kwa siku zake. Jeshi lake lingeingia Vita Kuu ya Pili likiwa na risasi mbili za kulisha askari walewale, na katika vita vya mabara mawili kosa hilo lingekuwa kubwa kuliko faida ya wepesi.

Waingereza nao walifikia hatua ya kukubali rasmi, mwaka 1951, bunduki fupi iitwayo EM-2 na risasi ya wastani ya inchi .280. Wakati huo NATO ilitaka risasi moja kwa majeshi yote, na Wamarekani hawakuwa tayari kushuka chini ya nguvu waliyoizoea. Winston Churchill aliporudi madarakani mwishoni mwa mwaka uleule, uamuzi ulifutwa. NATO ikachukua 7.62×51. Kwa njia hiyo Waingereza walipata bunduki ya SLR, na majeshi mengi ya makoloni yao yakairithi wakati wa uhuru. Uzito ambao Ami aliubeba begani ulipimwa katika vikao vya London na Washington kabla yeye hajaanza chuo cha Kurani.

Mwaka 1952, kabla hata makubaliano hayo hayajatiwa wino, mtafiti wa Kimarekani Norman Hitchman aliandika ripoti iliyoonyesha kwamba askari wa miguu ni nadra kutumia bunduki yake kwa manufaa zaidi ya yadi 300, yaani kama mita 275. Kama ni hivyo, kwa nini abebe risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mita 800? Swali hilo ndilo lililozaa 5.56 na bunduki ya M16.

Baruti iliyobadilishwa

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kisa cha M16 kinafundisha zaidi ya takwimu zote.

Bunduki ilipojaribiwa mwanzoni ilifanya kazi vizuri. Ilijaribiwa na risasi zenye aina fulani ya baruti, ya punje ndefu. Kabla ya kupelekwa kwa wingi Vietnam, jeshi liliidhinisha baruti nyingine, ya punje za mviringo, ili kufikia kasi iliyotakiwa. Mtu wa ghala asingeona tofauti: ganda lilelile, kichwa kilekile, jina lilelile. Lakini gesi ya baruti mpya iliisukuma mitambo ya bunduki kwa kasi zaidi ya ilivyokusudiwa, na iliacha uchafu mwingi ndani. Chemba haikuwa imepakwa kromu, kwa hiyo katika unyevu wa Vietnam ilishika kutu, na ganda lililotanuka likagoma kutoka. Juu ya hayo, askari wengi walikabidhiwa bunduki bila vifaa vya kuisafishia, wakiwa wamesikia kwamba haihitaji kusafishwa sana.

Kulikuwa na vijana waliokutwa wamekufa kando ya bunduki zilizofunguliwa, wakijaribu kulitoa ganda lililonasa. Barua zao kwa wazazi ndizo zilizofika hadi kwa wabunge. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza na kuulaumu vikali usimamizi wa jambo hilo. Chemba zikapakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, mafunzo yakaongezwa, na bunduki ikatengemaa. Imeishi tangu hapo.

Mtu akikuambia "tunabadilisha risasi tu", kumbuka kwamba pale kilichobadilishwa ni baruti peke yake. Hata NATO ilipoichukua 5.56 rasmi mwaka 1980, ilichagua kichwa kipya cha Kibelgiji, SS109, kizito na kirefu kuliko cha zamani. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe hewani. Mifuo ya ndani ya mtutu wa M16 ya zamani ilikizungusha kichwa mara moja kwa kila inchi 12. Kwa kichwa kipya mifuo ilibidi ikaze hadi mara moja kwa inchi 7. Ukikipiga kichwa kipya kwa mtutu wa zamani, hakishiki njia.

Hii mpya inataka nini

Baada ya miaka 20 ya Afghanistan, malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza ni umbali. Katika mabonde yale, adui aliye mlimani na rashasha ya PKM, au bunduki ya kudungua, alikuwa akiwapiga askari kutoka mbali kuliko 5.56 inavyofanya kazi yake vizuri. La pili ni kinga. Mei 2017 Jenerali Mark Milley, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kuna mabamba ya visibau ambayo 5.56 haiwezi kuyapenya, na kwamba mabamba ya aina hiyo yalikuwa yanaanza kuenea.

Aprili 2022 jeshi hilo likaichagua kampuni ya SIG Sauer itengeneze bunduki ambayo leo inaitwa M7 na rashasha ya M250, zote zikitumia risasi ya 6.8×51. Ganda lake lina urefu ule wa 7.62 ya zamani, na kichwa ni chembamba kidogo. Jipya hasa ni shinikizo la gesi. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 32 hivi kwa inchi mraba. Ndani ya chemba ya 5.56 ya NATO shinikizo hupanda kufikia pauni 62,000 hivi. Ndani ya hii mpya ni pauni 80,000. Walilihitaji kwa sababu walitaka kasi kubwa kutoka kwa mtutu mfupi, wa inchi 13, na mtutu mfupi hauipi gesi muda mrefu wa kusukuma.

Mkumbuke sasa lile ganda. Shaba peke yake haistahimili shinikizo hilo, kitako kingefumuka. Kwa hiyo wametengeneza ganda la vipande: kitako cha chuma cha pua, mwili wa shaba, na pete ya alumini inayoviunga. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na naisifu. Lakini kiwanda kilichozoea kulivuta ganda zima kutoka kwenye kipande kimoja cha shaba hakiwezi kulitengeneza hili kwa mashine zilezile.

Wanaoitetea wanasema hivi. Askari anayekutana na adui mwenye kinga bora hana budi kuwa na silaha ya kuipenya, na jeshi halifai kungoja mpaka vita vianze ndipo ligundue upungufu. Bunduki inakuja na darubini ya kulengea inayopima umbali na kukokotoa mwelekeo yenyewe, hivyo kila mpigo una nafasi kubwa zaidi ya kufika, na idadi pungufu ya risasi inafidiwa na shabaha. Na mazoezi mengi yanaweza kufanywa kwa risasi yenye nguvu iliyopunguzwa, ili mitutu isiliwe mapema na mabega yapumzike. Si hoja dhaifu.

Wanaoipinga wanarudi kwenye mizani. M7 ikiwa tupu, pamoja na kipunguza mlio chake, inakaribia kilo 4.5, wakati M4, bunduki ya 5.56 iliyotangulia, haizidi sana kilo 3. Magazini ya M7 ina risasi 20 badala ya 30. Magazini saba ni 140 badala ya 210. Mwaka 2025 afisa mmoja wa jeshi lilelile alisimama hadharani na kusema kwamba katika zoezi alilolishuhudia askari walikaribia kuishiwa risasi ndani ya dakika chache za mapambano, na mtengenezaji akayapinga madai yake. Kikosi cha Marine cha nchi hiyohiyo kimeendelea na bunduki yake ya 5.56. NATO nayo haijaifanya 6.8 kuwa risasi yake ya pamoja.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naiona nzito kuliko zote. Sehemu kubwa ya risasi zinazopigwa vitani hazimlengi mtu anayeonekana. Zinapigwa ili adui ainamishe kichwa, asiweze kulenga wala kusogea, wenzako wapate kuzunguka. Kwa kazi hiyo idadi ina thamani kuliko nguvu, kwa kuwa anayesikia risasi ikipita karibu na sikio lake hana muda wa kuuliza kipenyo chake. Darubini yenye kompyuta haimsaidii askari ambaye amebakiwa na magazini moja na msaada bado haujafika. Na Ukraine tangu 2022 tumeona mizinga na droni zikijeruhi na kuua kuliko bunduki za mkononi, kwenye mahandaki na miji iliyobomoka ambako umbali wa mita 600 wa kuona wazi ni nadra kwa askari wa miguu.

Na sisi je?

Jeshi la Marekani likikosea linaweza kulipia kosa lake. Nchi kama yetu ikikosea italibeba kosa kwa miaka 40.

Kenya ina kiwanda chake cha risasi Eldoret, kilichoanzishwa 1997, na miongoni mwa risasi zake ni 7.62×51, 5.56×45 na 9×19 ya bastola. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizindua kiwanda cha bunduki Ruiru, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Nikiviangalia viwanda hivyo viwili naona uhuru fulani ambao nchi nyingi jirani hazina: askari wetu akimaliza magazini, anayempa nyingine anaweza kuwa Mkenya mwenzake na si meli. Sisi wa Mombasa tunajua meli ni nini. Tangu mwishoni mwa 2023, Wahuthi walipoanza kuzishambulia meli Bahari ya Shamu, nyingi ziliizunguka Afrika yote, na wafanyabiashara wetu walikaa wiki wakingoja makontena. Duka likikosa bidhaa kwa wiki tatu linapata hasara. Kikosi kilichoko mpakani kikikosa risasi kwa wiki tatu ni habari nyingine.

Risasi mpya yenye ganda la vipande maana yake ni mashine mpya Eldoret, au kununua nje. Maana yake ni bunduki mpya, kwa sababu za sasa hazina chemba ya kustahimili pauni 80,000. Maana yake ni magazini mpya, viwanja vya shabaha vyenye ukingo mrefu zaidi wa usalama, mafundi wa kufundishwa upya, na kipindi cha miaka ambacho ghala moja lina risasi za aina tatu na karani wa ghala amechoka. Makosa ya Vietnam hayakuanzia kwa askari. Yalianzia kwenye makaratasi ya watu waliodhani badiliko ni dogo.

Halafu kuna swali la mahali. Msitu wa Boni, huko Lamu, ni kichaka kizito. Anayekushambulia huko huwa karibu, wakati mwingine karibu kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Huko wepesi na wingi wa risasi ndio unaomrudisha mtu nyumbani. Lakini ukipanda kaskazini, kwenye tambarare kavu za mpakani, jicho linafika mbali, na rashasha yenye 7.62 ina kazi ambayo 5.56 haiiwezi. Adui tuliyekabiliana naye tangu vikosi vyetu vilipoingia Somalia Oktoba 2011 hutegemea zaidi mabomu ya kutegwa barabarani na mashambulizi ya kushtukiza kuliko mabamba ya visibau vya kisasa. Swali la Jenerali Milley ni swali la jeshi linalojiandaa kwa ajili ya dola kubwa yenye kila kifaa. Linastahili kujibiwa, na wao wamelijibu kwa namna yao. La kwetu ni tofauti, na jibu la mwenzako halikufai kama hamkuulizwa swali moja.

Kwa maoni yangu, fedha ambazo zingenunua bunduki mpya zingefanya kazi zaidi zikinunua risasi za mazoezi, tena nyingi, za hizi tulizo nazo, pamoja na darubini nzuri za kulengea. Askari anayepiga shabaha mara nyingi kwa mwaka kwa 5.56 ananipa moyo kuliko anayeipiga 6.8 mara moja kwa sababu risasi ni ghali. Ami haafikiani nami moja kwa moja. Anasema mafunzo ni lazima, lakini kuna siku aliona kwa macho yake ukuta wa matofali ukizuia risasi ndogo na kubomoka kwa risasi kubwa, na siku hiyo hawezi kuisahau.

Muuza kahawa alipokuja kukusanya vikombe, kijana alikuwa bado ameishika paketi. Alikuwa ameihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha kwapani, kisha mapajani. Akauliza, "Basi Ami, wewe ungechagua ipi?"

"Unanipeleka wapi?" Ami akamuuliza.

"Boni."

"Mimi na wenzangu tupe hiyo ndogo, na magazini kumi kila mtu. Mmoja wetu apewe rashasha ya saba sitini na mbili, na sisi sote tumsaidie kubeba mikanda yake."

"Na kule kaskazini, kwenye uwanda?"

Ami akauchukua unga, akamrudishia mwenye duka. "Kule," akasema, "wape rashasha wawili."